Giulia wa Kila Jumapili

Ferrara, 9 Septemba
Nimefika. Chumba kina kitanda kimoja, kabati linalonuka dawa ya nondo na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mwenye nyumba ni Signora Elvira Bonazzi, mjane wa miaka kama themanini, mfupi, miguu imevimba, sauti kama ya mtu anayefukuza kuku. Wenzangu wa kutoka Marekani wamepangiwa pamoja katika jengo moja karibu na kituo cha treni. Mimi ndiye niliyesema nataka kuishi na Mwitalia ili nijifunze lugha. Nilisema hivyo nikiwa Lewiston, jikoni kwetu, Mama akinipigia makofi.
Maneno ya kwanza ya Signora: "Viatu mlangoni. Jikoni pakishafungwa pamefungwa. Na maji ya moto si ya kuchezea."
Sikuwa hata nimeweka mizigo chini.

10 Septemba
Mbu. Sikulala.

13 Septemba, Jumapili
Mama amepiga simu. Hapendi simu ya picha, anasema inamwonyesha kidevu tu. Aliuliza chakula, akauliza kitanda, kisha akauliza, "Umeshapata rafiki?"
Nikasema ndiyo.
"Oo! Anaitwa nani?"
Sebuleni televisheni ya Signora ilikuwa inapiga kelele, na mtangazaji alikuwa anamshukuru mwenzake kwa jina. "Giulia," nikasema.
"Giulia! Jina zuri. Yukoje?"
Ningeweza kukanusha palepale. Lakini Mama alinyamaza akisubiri, na ule ukimya wake niliuogopa. Nikamwambia Giulia ni mrefu na anacheka sana.
"Baba yupo?" nikauliza.
"Yuko zamu kiwandani. Anakusalimia."

17 Septemba
Mhadhiri anaongea haraka kama anayewahi treni. Nimeandika ukurasa mzima, nikiusoma sasa nagundua nusu yake ni neno "kwa hiyo".

26 Septemba, Jumamosi
Jana Brooke wa Ohio, mmoja wa wale wenzangu wa karibu na kituo, aliniambia uani mwa chuo, "Kesho tunakwenda Ravenna, twende wote. Tukutane kituoni asubuhi." Nilifurahi nikanunua mkate wa kutosha watu wanne. Mikate ya hapa imesokotwa kama pembe, inavunjika vizuri kwa kugawana.
Nilisimama jukwaani mpaka treni ikaja. Nikampigia.
"Ah, jamani Noreen! Tulibadilisha. Tuko Florence tangu jana. Nilidhani Kyle amekwambia!"
Nyuma yake nikasikia watu wanacheka, si mimi wanayemcheka, wanacheka mambo yao tu. Hilo liliniuma zaidi.
Nikapanda treni peke yangu. Ravenna kuna makanisa ambayo ukiingia ni matofali tu, ukiinua macho dari lote ni vijiwe vya rangi, buluu ya namna ambayo sijawahi kuiona. Nilishtuka, na mkono wangu ukatoka wenyewe kumgusa mtu kiwiko, nimwambie tazama. Mkono haukugusa mtu. Nikaurudisha mfukoni.
Mkate nililisha njiwa.

27 Septemba, Jumapili
Nimemwambia Mama tulikwenda Ravenna, mimi na Giulia. Kwamba Giulia alilala chali sakafuni kanisani ili aone dari vizuri, mlinzi akamfukuza. Mama alicheka mpaka akakohoa. Nilivyosimulia, siku ilipendeza kuliko ilivyokuwa.
Baba yuko zamu.

4 Oktoba, Jumapili
Giulia sasa ana kaka anayepiga tarumbeta vibaya. Anaogopa ngazi za umeme. Hapendi vitunguu. Najikuta siku za kazi nikitembea njiani namtafutia mambo ya kufanya.

9 Oktoba
Signora ametoa baiskeli stoo. Hapa asiye na baiskeli ni kama asiye na miguu, na mimi nimekuwa nakwenda chuoni kwa mguu.
"Ilikuwa ya marehemu," alisema. "Breki ya nyuma haishiki. Usife, nitasumbuliwa na polisi."
Nikamshukuru. Akaniangalia kama niliyemtukana, akaingia ndani.

14 Oktoba
Ukungu umeanza.

15 Oktoba
Ukungu.

18 Oktoba, Jumapili
Ukungu unatoka mtoni, unalala juu ya mji, hauendi popote. Mbele ya ngome kuu ya mji watu wanatokea ghafla juu ya baiskeli na kupotea ghafla, unasikia kengele tu.
Leo baada ya simu ya Mama, Signora alikuwa ameketi mezani anamenya chestinati, zile njugu za kuchoma. Bila kuinua macho akaniuliza:
"Huyo Giulia unayemtaja kila Jumapili, mbona haji kula?"
Kiingereza hajui, lakini jina ni jina, na ukuta wa chumba changu ni mwembamba.
"Ana shughuli nyingi, Signora."
"Hm," akasema. Akamenya nyingine. "Msichana wa shughuli."

24 Oktoba
Homa tangu Alhamisi. Signora alikuja mlangoni, akasema, "Mmarekani, umekufa?" Nikasema bado. Akarudi na supu ya kuku yenye tambi ndogondogo, akakaa pembeni ya kitanda akinitazama nikinywa mpaka bakuli likaisha. Nilitaka aendelee kukaa. Sikujua kwa Kiitalia unamwombaje mtu akae tu.

31 Oktoba
Venice, peke yangu. Maji yalikuwa yamepanda uwanjani, watu wanapita juu ya mbao kwa mstari mmoja kama sisimizi. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu na mikono mitupu, kila familia ilinipa simu: tupige, tafadhali. Nimewapiga picha Wajapani, Wajerumani, maharusi wawili kutoka Napoli wenye viatu mkononi. Mama mmoja Mhispania akaniashiria, na wewe je, tukupige? Nikatikisa kichwa. Nikajiambia nywele zimelowa. Ukweli ni kwamba sikutaka picha inayonionyesha nilivyokuwa.
Nusu ya Venice leo wana picha niliyopiga mimi, na mimi simo hata katika moja.

1 Novemba, Jumapili
Giulia alivua viatu akakimbia majini. Mama alisema, "Ungenitumia picha!" Nikasema simu iliingia maji.

8 Novemba, Jumapili
Mama amenipigia mapema kuliko kawaida. "Kaa chini," alisema.
"Nimekaa."
"Nakuja! Wiki ya Sikukuu ya Shukrani. Nimeomba likizo kwa daktari wa meno, amenipa."
Mama ni mpokeaji wagonjwa kwa daktari yule tangu nikiwa mtoto, hajawahi kuomba siku mbili mfululizo. Hajawahi kupanda ndege pia.
"Na Baba?"
"Ana zamu, mwanangu. Unajua kiwanda." Halafu haraka haraka: "Nataka kumkumbatia huyo Giulia. Nimemfumia glavu za sufu. Vidole vyake ni virefu, sivyo? Nimefuma virefu."
Nimekaa kitandani mpaka giza limeingia.

10 Novemba
Nimefikiria kumuua. Ajali ya baiskeli, kwenye ukungu. Lakini Mama atataka kwenda makaburini.

12 Novemba
Darasani kuna Giulia wa kweli. Mhadhiri alimwita leo. Anakaa safu ya mbele, ana koti la kijani. Wazo likanijia, la kichaa kabisa, nikamfuata baada ya kipindi mpaka kwenye ngazi. Akageuka.
"Unahitaji kitu?"
Nilikuwa nimeipanga sentensi yote kichwani, na vitenzi vyake. "Saa ngapi?" nikauliza.
Akaniangalia. Saa ilikuwa ukutani, kubwa kama gurudumu, mbele yetu sote wawili. Akanisomea hata hivyo, kwa upole, kama unavyomsomea mgonjwa.

15 Novemba, Jumapili
Giulia ana mafua, nimesema. Mama akasema, "Atapona kabla sijafika."

19 Novemba
Ukungu. Sioni jengo la pili.

24 Novemba
Nimempokea uwanja wa ndege wa Bologna. Amekonda. Koti lilelile jekundu, lakini limemlegea mabegani. Alinikumbatia hadi mkoba ukamdondoka. Kwenye treni alishikilia mkono wangu, akatazama dirishani pasipokuwa na kitu ila weupe, akasema, "Pazuri."
Signora alitusubiri mlangoni amevaa hereni. Sikujua ana hereni.

26 Novemba, Alhamisi
Lazima niandike yote.
Signora alikuwa amesema tangu asubuhi: "Bata mzinga wenu wa Shukrani sijui kumpika. Mama yako atakula nitakachompa." Alitengeneza tambi zilizojazwa malenge, zile wanazozikunja kama kofia, akaweka siagi na majani ya seji. Kitambaa cha meza kilikuwa kimepigwa pasi. Tulikuwa watatu, na viti vinne. Kiti cha nne Mama ndiye aliyekivuta.
"Hiki cha Giulia," alisema akitabasamu. Kisha kwangu: "Anakuja, siyo? Ulisema amepona."
Nilikuwa na kijiko cha kupakulia mkononi. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Si Kiingereza, si Kiitalia. Nilijua sasa ndiyo sasa. Nilimwona Mama ameziweka zile glavu kando ya sahani, zimefungwa utepe, nyekundu na nyeupe.
Signora alizitazama glavu, akanitazama mimi, akamtazama Mama. Akaweka uma chini.
"Giulia?" alisema. "Giulia amekwenda Rovigo. Shangazi yake ameanguka, amevunjika nyonga. Mwanamke mnene sana. Inabidi ainuliwe na watu wawili." Akafuta mdomo kwa kitambaa. "Mtafsirie mama yako."
Nikaweka kijiko chini.
"Mtafsirie, chakula kinapoa."
Nikatafsiri. Sauti yangu ilitetemeka, na Mama akadhani namhurumia shangazi. "Maskini," alisema, akaweka mkono kifuani. "Na amesema nini, atarudi lini?"
Nikauliza kwa Kiitalia, kana kwamba ni swali la kweli.
"Nyonga ni nyonga," Signora akajibu. "Inachukua muda wake. Kula."
Tukala. Signora alimrundikia Mama sahani mara tatu, akimwambia kwa Kiitalia kwamba amekonda kama samaki mkunga wa mabwawa ya Comacchio, na Mama akiitikia kwa Kiingereza kwamba hajapata kula kitu kitamu hivi. Wala hawakunihitaji.
Mama alipoingia kuoga nilimfuata Signora jikoni.
"Kwa nini ulisema vile?"
Alikuwa anasugua sufuria, mgongo kwangu. "Mezani kwangu mtu haaibishwi." Akasuuza. "Lakini mimi nimesema uongo kwa mama yako mara moja tu, Norina, na nimekwenda mbali nao. Kesho ni zamu yako, na useme ukweli."
Kabla ya leo hakuwahi kuniita kwa jina, hata kwa matamshi yake ya Kiitalia.

27 Novemba
Nilimchukua Mama kutembea juu ya ukuta wa mji, pale watu wanapokimbia na mbwa. Ukungu ulikuwa mzito, miti tunaiona ikiwa karibu tu. Nilikuwa nimeamua: nikifika kwenye benchi litakalofuata, nasema. Nililipita benchi la kwanza. Na la pili.
Kwenye la tatu akaketi yeye.
"Noreen," alisema, "Baba yako hayuko zamu."
Nikadhani sikusikia.
"Aliondoka wiki uliyokuja huku. Anakaa kwa ami yako Raymond, kile chumba cha juu ya gereji. Hakuna mwanamke mwingine, usifikirie hayo. Siku moja alisema hana la kusema tena, akachukua begi. Nilitaka kukwambia. Kila Jumapili nilisema leo. Halafu wewe ulikuwa na furaha hivyo, Ravenna, Venice, yule msichana anakimbia majini... Nikawa nasubiri Jumapili kama mtoto anayesubiri hadithi. Wiki nzima nyumba kimya, halafu Jumapili nacheka. Ningeiharibu vipi?"
Nilikuwa nimesimama mbele yake. Mtu alipita akikimbia, akatusalimia, hatukumjibu.
"Mama. Hakuna Giulia."
"Najua, yuko Rovigo."
"Hayuko Rovigo. Hayuko popote. Nilimtunga. Ravenna nilikwenda peke yangu. Venice peke yangu. Hakuna mtu, Mama. Tangu Septemba hakuna mtu."
Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha simu, kinachoishia kikohozi. "Na shangazi mwenye nyonga?"
"Signora alimtunga."
"Yule mama!" Akacheka zaidi, akajifuta macho, na nikaona hacheki tena. Nikaketi, nikamlalia begani. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Miezi yote hii sisi wawili tumekuwa tukidanganyana kwa upendo, na kila mmoja amelala peke yake."
Nilimkasirikia pia. Naandika hapa kwa sababu pale sikusema. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha, na nikajua sina haki, na hasira haikupungua kwa kujua hivyo. Baba sikuweza hata kumfikiria.
Tulikaa mpaka koti lake likawa na matone ya maji kote.

28 Novemba
Glavu amepewa Signora. Vidole vimezidi, vinaning'inia mbele kama masikio ya sungura. Amekwenda nazo sokoni.

30 Novemba
Mama ameondoka. Usiku wa kuamkia leo alisema, "Turudi wote. Hakuna atakayekulaumu." Tangu Oktoba nimekuwa nikingoja mtu aniambie maneno hayo. Nilikuwa tayari nimeshusha sanduku.
Lakini nilifikiria mlango wa kwetu Lewiston, nikauona umefunguliwa, na ndani hakuna ninachokirudia. Viatu vya Baba havipo. Nikirudi sasa nitakuwa mpweke kule kwa namna nisiyoizoea. Huku walau naijua.
"Nitamaliza mtihani," nilisema.
Aliitikia kwa kichwa taratibu. Kwenye lango la uwanja wa ndege aligeuka mara moja tu. Nilirudi Ferrara kwa treni ya mchana na kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu njia nzima.

6 Desemba, Jumapili
Simu ilikuwa fupi. Aliuliza nimefanya nini, nikasema nimesoma. Nikamuuliza amefanya nini, akasema amefua. Kisha hatukuwa na la kusema. Wote wawili, nadhani, tulimkosa Giulia.

8 Desemba
Sikukuu ya kanisa, maduka yamefungwa. Brooke na wenzake wako Prague. Zamani ningeumia. Leo nimegundua siwachukii. Hawajanifanyia kitu, na ndilo tatizo lenyewe: hatujawahi kufanyiana kitu.
Signora alinifundisha kukunja zile tambi. Zangu zilipasuka zote. "Mikono ya kufungulia chupa," alisema. Tulizila zikiwa zimepasuka.

11 Desemba
Mama ameniandikia namba ya simu ya gereji kwa ami Raymond. Hakuongeza neno.

12 Desemba
Sikupiga.

13 Desemba
Sikupiga. Ukungu.

16 Desemba
Mtihani wa kujieleza kwa mdomo, mbele ya mhadhiri, ukumbini, wengine wakisikiliza. Aliniuliza habari za picha za vijiwe za Ravenna. Nikaeleza nilichosoma. Kisha akauliza, "Na wewe mwenyewe ulipoingia, uliona nini?" Watu walikuwa wanatazama. Nikasema kwa Kiitalia changu cha kuokoteza kwamba niliinua macho, nikatafuta mtu wa kumwonyesha, hakuwepo, na kwamba nadhani waliojenga walitaka hivyo, mtu ajione mdogo na hana wa kushikana naye mkono. Mhadhiri akasema hakubaliani kabisa, waliojenga hawakutaka hivyo hata kidogo. Lakini amenipa alama nzuri.

20 Desemba, Jumapili
Kesho kutwa naondoka. Sanduku liko tayari. Signora amekwenda kanisani, nyumba kimya, televisheni imezimwa kwa mara ya kwanza. Nimepiga.
Iliita sana. Kisha: "Halo?"
"Baba, ni mimi."
Nilisikia redio ikizimwa. "Noreen," alisema. "Umekula?"
"Nimekula."
Kimya. Baba hakuwahi kuwa mtu wa maneno. Mezani kwetu sisi tulikuwa tunasema na yeye anapitisha chumvi. Nilikuwa nimepanga kumpigia kelele, na maneno ya kelele yalikuwa tayari.
"Kwa nini hukuniaga?" ndiyo yaliyotoka, na hayakutoka kwa kelele.
"Sikujua niseme nini." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nangoja nijue. Halafu siku zikapita, na bado sijui."
"Ungesema hivyo basi. Kwamba hujui."
"Ndiyo," alisema. "Ningesema hivyo."
Nilidhani atakata.
"Mama yako aliniambia una rafiki huko. Wakati ule. Nilifurahi. Nilikuwa nakaa hapa nasema, walau Noreen ana mtu."
"Sina, Baba. Nilimtunga."
Hakucheka. Nilisikia kiti kikisogezwa, kama mtu anayejiweka sawa.
"Basi niambie wewe," alisema. "Leo umefanya nini?"
"Hakuna. Siku ya kawaida tu. Peke yangu."
"Niambie hivyohivyo. Mimi nina nafasi."
Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Nikaanzia asubuhi: kwamba niliamka, dirisha jeupe, nikashuka kununua mkate, mwuzaji akaniuliza ni wa watu wangapi, nikamwambia wawili. Kwamba nilipita uwanjani, ngome haionekani ila taa moja. Alikuwa anasema "Mm" kila nilipomaliza sentensi, kisha anangoja inayofuata. Niliendelea. Sikumwongeza mtu yeyote.